Ngoma Zisizochezwa kwa Zamu

Iringa,
12 Machi 1976

Shangazi yangu Mbuke,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mzee Kashindye na wote wa nyumbani hapo Ubaruku. Sisi huku ni wazima, isipokuwa baridi ya mtaa wetu wa Gangilonga imeamua kuhamia ndani ya nyumba yangu. Mke wangu Jaha anakuamkia sana. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anamuuma kila anayembeba, hata wageni wa heshima.

Shangazi, nina habari kubwa. Miaka yote wanamichezo na wacheza ngoma wetu wamekuwa wakibebwa kwenda Dar es Salaam, wanacheza siku moja, wanarudi wakiwa wamechoka, na wazee wa huku hawaoni kitu. Sasa imeamuliwa mikoa yetu mitatu ya kusini, yaani Iringa, Mbeya na Ruvuma, iwe na tamasha lake la michezo na utamaduni, na kila mwaka mkoa mmoja uwe mwenyeji. Wa kwanza ni Iringa, mwezi wa nane. Na katibu wa kamati ya maandalizi ni mwanao Seni. Usicheke.

Tunategemea wageni elfu moja na mia mbili. Hoteli hatuna, wala hatuzihitaji. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo wageni watalala madarasani. Kila kata itapokea timu moja au mbili na kuzilisha kwa mazao yake. Wapishi wataongozwa na Bi Mwanakhamisi wa hapa mjini, mwanamke ambaye hata mwenyekiti wetu humwitikia kwa kusimama. Uwanja mpya hatujengi. Tunausawazisha huu wa mpira, watu wanatoka na majembe kila Jumamosi. Wako wanaosema mji mdogo kama huu hautaweza. Mimi nasema watakuja kuona.

Sasa ombi. Nimetenga nafasi kwa kikundi cha Ubaruku, chini ya Mzee Kashindye, na ile ngoma ya majembe. Mtapanda jukwaani siku ya kufunga, mkiwa wa saba, baada ya ngoma ya lizombe ya Songea. Mtacheza dakika kumi, kisha mtawapisha wengine. Kutakuwa na majaji watatu na alama mia moja: mavazi ishirini, nidhamu ishirini, ujumbe thelathini, uchezaji thelathini. Mtafika Makambako kwa treni na kutoka hapo lori letu litawachukua.

Nijibu upesi ili nipige chapa ratiba.

Mwanao,
Seni Nkuba


Ubaruku,
4 Aprili 1976

Kwako baba yangu Seni,

Marahaba. Nakuita baba kama siku zote, kwa kuwa jina ulilonalo ni la baba aliyenizaa, ingawa sasa una mhuri na mwenyekiti. Mwangaluka kwa Jaha pia, mwambie ajifunze kuitikia. Barua yako nimeisoma mwenyewe tangu juu mpaka chini. Mwalimu wa kisomo alinyoosha mkono kunisaidia nikamwambia arudi kwenye kiti chake.

Sisi ni wazima. Mpunga umependeza kuliko mwaka jana. Yule dume mweusi amevunja pembe kwa kupigana na mti.

Nimefurahi kwa kazi uliyopewa. Lakini baba, umeandika kurasa mbili nzuri na ndani yake umefanya makosa mawili, na makosa yenyewe sijui kama ni ya kusahau au ya kujisahaulisha.

La kwanza, umeandika "kikundi cha Ubaruku". Kipi? Wewe umezaliwa katika haya mambo kabla hatujahama Shinyanga. Vipo viwili. Bagika wanaongozwa na mume wangu Kashindye. Bagalu wanaongozwa na mtu ambaye jina lake hukuliandika popote, isipokuwa pale chini kwenye sahihi yako, kwa sababu hapo huna jinsi.

La pili, tangu lini sisi tukacheza kwa zamu? Bagika wanasimama huku, Bagalu kule, wanaanza pamoja, na watu wanakwenda kule wanakovutwa. Ukiboronga watazamaji wako wanakuacha, unawaona migongo. Ukirekebisha wanarudi. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na hakuna wa kubisha kwa sababu kila mtu anaona. Kumwalika Kashindye peke yake ni kualika timu moja ya mpira ije ijifunge yenyewe.

Hukuniomba nimsomee baba yako barua, lakini nimemsomea, maana ni kaka yangu. Alisikiliza vizuri kabisa mpaka ilipofika kwenye zile alama mia. Akasema: "Mwandikie kwamba mimi sijawahi kupimwa kama ng'ombe wa mnadani, na sianzi leo." Akachukua fimbo akaenda zake mtoni.

Kaka yangu Nkuba asipokuja, Kashindye hana wa kushindana naye, na sisi hatuji. Nakwambia mapema usije ukaniona mbaya.

Shangazi yako,
Mbuke


Iringa,
20 Aprili 1976

Shangazi Mbuke,

Shikamoo. Nimeipata yako na nashukuru kwa habari za nyumbani. Pole kwa dume.

Kuhusu tamasha, nakueleza kwa heshima zote kwamba utaratibu umekwisha kupitishwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kalinga, ni mtu wa mistari iliyonyooka. Vikundi ni ishirini na sita kutoka mikoa mitatu. Kila kimoja kikidai kucheza kinavyocheza kwao, tutakuwa hapa mpaka Krismasi. Na vikundi viwili kupiga ngoma kwa wakati mmoja, mgeni asiyezoea atasikia kelele tu.

Mzee Kashindye namfahamu, akielezwa vizuri ataelewa. Dakika kumi siyo chache, Shangazi.

Baba ana haki ya kukataa. Miaka mitatu tangu niende chuoni hajaniuliza hali, wala mimi sikumsumbua. Tumekwisha zoea.

Mwanao,
Seni


Iringa,
9 Juni 1976

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako tangu Aprili. Nimeuliza posta hata wanajificha wakiniona. Mtoto anasimama sasa kwa kushika meza. Jaha alipata malaria lakini amepona.

Uwanja umesawazishwa, umenyooka kama meza. Matangi ya maji yamepatikana. Vyoo vya shule tatu vimechimbwa upya. Kila mtu anafanya sehemu yake na mambo yanakwenda. Kitu kimoja tu hakiendi, na hicho ni changu mimi.

Nilikuficha jambo. Katika kikao cha kwanza kabisa, mbele ya watu kumi na wanne, niliulizwa tamasha lifungwe kwa kitu gani. Nikasema kuna ngoma nimeiona utotoni ambayo watu wakiitazama wanasahau kwenda nyumbani, na kwamba nitaileta. Nikasema nawajua wachezaji kwa majina. Wameandika katika kumbukumbu za kikao. Sasa Mzee Kalinga ananiuliza kila Jumatatu, "Wale watu wako wa Ubaruku?" nami namjibu barua iko njiani.

Na jambo lingine. Nataka Baba aje. Hayo maneno nimeyaandika mara tatu na mara mbili nikachana karatasi. Nilimwalika Mzee Kashindye ili Baba asikie na aje mwenyewe bila mimi kumwomba. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu wote, na wewe uliuona tangu ukurasa wa kwanza.

Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Seni


Ubaruku,
23 Juni 1976

Kwako baba,

Marahaba. Sikununa. Nilikuwa shambani. Tangu mwisho wa Aprili tumevuna, tumepiga mpunga, tumepepeta, na vidole vyangu vilikuwa haviwezi kushika kalamu. Nyie wa ofisini mnadhani mtu asipojibu amekasirika.

Sasa umeniandikia kama mwanangu, nami nitakujibu kama shangazi yako.

Siku ulipoondoka kwenda chuoni, baba yako alikuambia kwamba unakwenda kuandika ngoma za watu kwenye madaftari, na ya kwenu ataicheza nani? Wewe ukamjibu kwamba serikali itaitunza. Tangu siku ile mtu akitaja serikali yeye anauliza, "Ile inayocheza ngoma?" Ni utani, lakini kwake unauma.

Hakatai kuja kwako. Nilimuuliza tukiwa tunapepeta, kwa kuwa hapo hawezi kukimbia. Akasema: "Dada, mimi hushindwa na Kashindye mwaka mmoja katika kila miwili, umewahi kuniona nalia? Nashindwa na watu, watu wameniacha kwa miguu yao. Huyo jaji wa karatasi ataniacha vipi na amekaa?" Basi hilo ndilo tatizo lake lote. Kushindwa anakuweza, ila anataka kushindwa na watu waliosimama.

Nami nakuuliza wewe mwenye kamati. Una uwanja umenyooka kama meza, umeandika mwenyewe. Una maelfu ya watu. Kwa nini unawakalisha?

Shangazi yako,
Mbuke


Iringa,
8 Julai 1976

Shangazi Mbuke,

Shikamoo sana, shikamoo mara mbili! Keti kwanza.

Barua yako ilifika asubuhi ya kikao. Siku hiyo afisa wa polisi alikuja na hofu yake: siku ya kufunga watu wanaweza kufika elfu nane, na wote wataelekea kwenye jukwaa moja lililo upande wa lango. Watoto watakanyagwa. Mzee Kalinga akasema tuweke kamba. Mwingine akasema tuweke ukuta wa madawati. Mimi nikasimama, barua yako ikiwa mfukoni, nikasema tuondoe jukwaa.

Nikachora ubaoni: kiwanja huku, kiwanja kule, katikati wazi mita mia moja, watu wapite watakavyo. Nikawaeleza mchezo wenyewe. Mzee Kalinga akakunja uso.

"Na majaji?"

"Watasimama na watu, Mzee."

"Na alama?"

"Alama ni watu wenyewe. Kila mmoja atajipeleka anakotaka."

Yule afisa wa polisi akawa wa kwanza kuunga mkono, akasema watu wanaotembea hawakanyagani kama watu wanaosukumana. Nikadhani tumemaliza. Ndipo Mzee Kalinga akauliza swali lililotutoa jasho: "Na mgeni rasmi atakaa wapi? Akikaa upande mmoja si atakuwa amekwisha hukumu?"

Tulibishana saa nzima. Akisimama, ni mtu mzima, atachoka. Akiwekwa katikati, atampa nani mgongo? Basi mtunza ghala wetu, Muharami, ambaye huja vikaoni kwa ajili ya chai, akasema, "Si kuna kile kiti cha kuzunguka?" Shangazi, kiko kiti kimoja mjini hapa chenye mguu mmoja wa chuma, ukikikalia unageuka unakotaka. Kimeazimwa. Kitawekwa katikati ya uwanja juu ya mbao. Mzee Kalinga amekijaribu mwenyewe mbele ya kikao chote, akazunguka mara mbili, akasema, "Kimepitishwa."

Vikundi vingine vitacheza kwa dakika zao kama walivyokubali wenyewe. Lakini siku ya kufunga, kuanzia saa nane mpaka jua lishuke, ni Bagika na Bagalu tu. Hakuna dakika wala alama.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua nyingine iliyokunjwa ndogo. Ni ya Baba. Tafadhali msomee yeye peke yake. Usiisome kwanza, ingawa najua utaisoma.

Mwanao,
Seni


Ubaruku,
19 Julai 1976

Baba yangu,

Marahaba. Nimeisoma kwanza. Kisha nikamsomea.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Ametoka nje, akapanda ngazi, akateremsha ngoma kubwa ya Bagalu kutoka darini, na tangu jana anaipaka mafuta ngozi yake na hataki mtu amsaidie.

Andika watu arobaini kila upande. Na mchele wetu tutakuja nao, msituhangaikie.

Mbuke


Ubaruku,
2 Septemba 1976

Kwako Seni,

Salamu nyingi kwako, kwa Jaha na kwa yule mtoto mwenye meno, aliyeniuma kweli kama ulivyoahidi. Tumefika salama. Treni ilichelewa Makambako lakini tulikuwa na nyimbo.

Nilitaka nikuambie haya tukiwa huko, lakini tulipandishwa lori alfajiri nawe ulikuwa unakimbia na karatasi. Baba yako ulimwamkia, akaitikia, mkashikana mikono, basi, mkawa kama watu wawili wanaongoja kuitwa na daktari.

Nakupongeza. Sisi tumelala darasa la tano la shule ya msingi, pakavu, maji yalikuwepo asubuhi na jioni. Bi Mwanakhamisi aliuonja mchele wetu, akasema tangu leo hapiki mwingine. Yule Mmatengo aliyeshinda mbio ndefu alikula na sisi. Watu wa Mbeya, Songea na Iringa wamekaa pamoja siku nne na hapakuwa na ugomvi. Usimruhusu mtu akuambie mji mdogo hauwezi.

Sasa ngoma yenyewe, maana sisi tuliokuwa ndani tuliiona kwa namna nyingine.

Tulipoanza watu waligawanyika nusu kwa nusu. Kisha baba yako akatoa ule wimbo wake mpya wa kuitania baridi ya Iringa, kwamba imemng'ata masikio na hakuna mbwa wa kuiwinda. Wahehe wakacheka, wakakimbilia kwake. Nikaona migongo ya watu mpaka nikaogopa. Mgeni rasmi alikuwa anazunguka na kiti chake kama pia ya watoto. Kuna wakati kiti kikakwama kikimtazamisha Bagalu, Bagalu wakapiga vigelegele wakidhani wameshinda kwa serikali, mpaka Mzee Kalinga akakipiga teke kikaenda tena. Ndipo Kashindye akaamua kutoa majembe. Vijana wakayarusha juu, yakazunguka, yakadakwa kwa mshindo mmoja. Kina mama wa sokoni wakaja kwanza. Halafu wakaja wote.

Jua liliposhuka, kwa baba yako walikuwa wamebaki watazamaji kama arobaini. Alisimamisha ngoma yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Akavuka zile mita mia moja, akampa Kashindye usinga wake na wakakumbatiana mbele ya watu. Sijamwona na uso ule tangu Shinyanga. Alikuwa na furaha, Seni. Kashindwa, na alikuwa na furaha.

Lakini ndani ya treni aliuliza kitu kimoja, na ameuliza tena jana: "Seni alikuwa upande gani?" Hakuna aliyejua. Kwenye viti vya kamati hukuwepo. Nijibu, na usiniletee habari za matangi na vyoo.

Shangazi yako,
Mbuke


Iringa,
15 Septemba 1976

Shangazi Mbuke,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua ndefu. Nimemsomea Jaha mpaka sehemu ya kiti, akacheka hadi mtoto akaamka.

Kamati imepewa barua ya pongezi. Mwakani mwenyeji ni Mbeya, nao wameomba mpango wetu wote: kata, madarasa, matangi na viwanja viwili. Nimewapelekea. Kiti watafute cha kwao.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo siku tano.

Kwenye kamati sikuwepo kwa sababu nilivua beji, nikaiweka mfukoni, nikaenda kusimama kwa Baba. Nilitaka anione hapo mbele. Nilikuwa hapo kabla hajatoa wimbo wa baridi, niliucheka, niliuitikia. Nilijiambia kwamba sitoki hapa hata ikinyesha mvua ya mawe. Watu walipoanza kuondoka nikabaki. Nikawa nawaona wakipungua, nami nikasimama imara zaidi.

Halafu majembe yakaruka. Niligeuza shingo tu kutazama. Shangazi, sijui nikuambie nini. Niliposhtuka nilikuwa kwenu Bagika, nimesimama kati ya kina mama wa sokoni, napiga makofi. Miguu ilikwenda. Nikageuka kumtazama Baba, naye alikuwa anatazama ngoma yake, na wale arobaini walikuwa wamebaki, na mimi, mtoto wake niliyemwita kutoka mbali hivyo, sikuwa mmoja wao.

Ningekuwa jaji mwenye karatasi, ningempa alama mia na yeye asingejua miguu yangu ilikokwenda. Naona aibu. Ndiyo maana alfajiri ile nilikimbia na karatasi, na karatasi zenyewe hazikuwa na kitu.

Msomee yote. Usiruke neno hata moja.

Mwanao,
Seni


Ubaruku,
30 Septemba 1976

Kwako baba,

Marahaba. Wote wazima. Nimemsomea yote, sikuruka neno.

Tulikuwa uani, na Kashindye alikuwepo na majirani wawili. Nilipomaliza, Nkuba akasema, "Rudia pale miguu ilipokwenda." Nikarudia. Mimi nikaanza kutafuta maneno ya kukutetea.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapaliwa, Kashindye ikabidi ampige mgongoni. Akawaambia majirani, "Mmesikia? Kijana wangu alinihama, mchana kweupe, na ameandika mwenyewe!" Hayo anayasema kwa kila anayepita njiani, na anayasema kwa majivuno.

Jioni akaniita niandike maneno haya kama anavyoyasema, bila kuyapamba:

"Seni. Mwakani, Mbeya, nitakurudisha."

Sasa yuko nje na ngoma, amewaita Bagalu wote, na anataka kujua ni tarehe gani.

Shangazi yako,
Mbuke